MGENI APEWE JEMBE: WAINGEREZA KATIKA VILABU VYA HISPANIA

Mwaka 2025 wachezaji wawili mashuhuri wa Uingereza waliihama nchi yao kwenda kucheza kandanda nchini Hispania. Trent Alexander-Arnold aliiacha Liverpool, klabu iliyomlea tangu utoto wake, akajiunga na Real Madrid. Marcus Rashford naye aliazimwa na Manchester United kwa Barcelona. Miaka miwili kabla yao Real Madrid ilikuwa imekwisha kumtwaa kijana Jude Bellingham kutoka Borussia Dortmund ya Ujerumani, kwa fedha zilizozidi Yuro milioni 100.

Kila mara jambo la namna hii linapotokea, maneno huwa mengi. Watu huhesabu bei, huhesabu mshahara, na hubishana ikiwa kijana fulani amesaliti klabu yake au hakusaliti. Hatusemi kwamba mambo hayo hayana maana. Lakini sisi tunaona kwamba liko swali lililo kubwa kuliko hayo, nalo aghalabu haliulizwi. Mtu anapokwenda kufanya kazi katika nchi ya watu, anakwenda kama nani? Na siku atakapoondoka, ataacha nini mikononi mwa wenyeji?

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Historia ya Waingereza katika vilabu vya Hispania, ambayo sasa imepita miaka 100, ni ushahidi mwema wa kauli hiyo. Na tunaposema Waingereza katika makala haya, tunawakusudia pia Waskoti na watu wa Wales.

Ni lazima kwanza tukumbuke jinsi kandanda ilivyofika Hispania, kwani haikufika kwa bahati. Ilifuata mtaji. Mwaka 1873 wenye mali wa Kiingereza waliunda kampuni ya Rio Tinto na kuyanunua machimbo ya shaba ya kusini mwa Hispania kutoka kwa serikali ya nchi hiyo. Pamoja na mameneja, mainjinia na waganga wa kampuni ulikuja na mpira. Mwaka 1889 ikaundwa klabu ya Recreativo katika mji wa Huelva, bandari iliyosafirishia madini hayo, nayo ndiyo inayohesabiwa hadi leo kuwa kongwe kuliko vilabu vyote vya kandanda vya Hispania. Mwaka uliofuata ikaundwa Sevilla, ikiongozwa na Mskoti. Huko kaskazini, katika mji wa Bilbao, meli za Kiingereza zilizokuja kuchukua chuma zilileta mabaharia na mafundi ambao walicheza mpira kando ya mto.

Mwanzoni, basi, mchezo ulikuwa wa wageni wenyewe kwa wenyewe, na mwenyeji alisimama kando akitazama. Aliyekuwa na mgodi ndiye aliyekuwa na mpira. Lakini mpira una tabia moja ambayo mgodi hauna: hauwezi kuzungushiwa ua. Mtoto wa Kihispania aliyeutazama leo aliucheza kesho. Shaba ilikwenda zake Uingereza, mpira ukabaki.

Baada ya hao wa kampuni walikuja watu wa aina ya pili, nao ni walimu. Hapa tunapenda kumtaja Fred Pentland, maana kisa chake kinatosha kuwa darasa. Pentland alikuwa mchezaji wa timu ya taifa ya Uingereza. Mwaka 1914 alikuwa Ujerumani kwa kazi ya ukocha, vita vikamkuta huko, akafungwa katika kambi ya Ruhleben karibu na Berlin pamoja na raia wengine wa Kiingereza. Vita vilipokwisha alikwenda Ufaransa, kisha Hispania, akaanzia Santander na mwaka 1922 akaingia Athletic ya Bilbao.

Watu wa Bilbao walimjua kwa kofia yake nyeusi ya mviringo na kwa sigara yake. Lakini tuutazame utendaji wake. Wakati ule kandanda ya Hispania, kwa kuwaiga Waingereza wa kwanza, ilikuwa ya nguvu na ya kupiga mpira mrefu. Pentland akawafundisha vijana wa Kibaski kupasiana mpira kwa pasi fupi, chini chini, kwa akili na kwa subira. Inasimuliwa kwamba alianza kwa kuwafundisha namna ya kufunga kamba za viatu. Mwaka 1923 akawapa Kombe la Mfalme. Aliporudi Bilbao kwa mara ya pili, timu yake ilitwaa ubingwa wa ligi mwaka 1930 bila kushindwa mchezo hata mmoja, ikautwaa tena mwaka 1931, na ikanyakua Kombe la Mfalme mara 4 mfululizo, kuanzia 1930 hadi 1933. Februari 1931 iliifunga Barcelona mabao 12 kwa 1.

Kuna jambo jingine ambalo halipaswi kusahauliwa. Mwezi Mei 1929 timu ya taifa ya Uingereza ilikwenda Madrid ikiwa haijapata kufungwa na timu yoyote ya nje ya visiva vyake. Hispania iliifunga mabao 4 kwa 3. Upande wa Hispania, akisaidia kwa ushauri, alikuwepo Fred Pentland. Wako watakaosema kwamba mtu huyu aliwasaidia wageni dhidi ya nchi yake. Sisi twasema kwamba alitimiza amana ya mwalimu. Mwalimu anayeficha nusu ya elimu ili mwanafunzi asimpite si mwalimu, ni mlanguzi.

Mwenzake alikuwa Jack Greenwell, mtoto wa wachimba makaa ya mawe wa Durham. Alikwenda Barcelona mwaka 1912 kama mchezaji, mwaka 1917 akapewa timu aifundishe, akaishika mpaka mwaka 1923 na kuipatia Kombe la Mfalme mwaka 1920 na 1922. Baadaye aliipa Espanyol kombe hilo mwaka 1929. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vilipozuka mwaka 1936 alilazimika kuondoka. Akaenda Amerika ya Kusini, na mwaka 1939 akaiongoza Peru kuwa bingwa wa bara hilo. Hakuwa na cheo kikubwa kwao. Ugenini alithaminiwa kwa kazi ya mikono na kichwa chake.

Watu hawa waliacha hata neno. Mpaka leo mchezaji wa Kihispania humwita kocha wake "míster", awe kocha huyo ni Mhispania, Mwitalia au Mwargentina. Na mwaka 1959, zaidi ya miaka 20 baada ya Pentland kuondoka Hispania, klabu ya Bilbao ilimwalika mzee huyo ikamwandalia mchezo wa heshima dhidi ya Chelsea. Mtu hakumbukwi kwa namna hiyo kwa sababu ya mshahara aliolipwa.

Wakati wanafunzi walipokuwa wakisonga mbele, nyumbani kwa mwalimu kulikuwa na ghururi. Chama cha Mpira cha Uingereza kilijitoa katika FIFA mwaka 1928, na Uingereza haikuingia katika mashindano ya Kombe la Dunia mpaka mwaka 1950. Ilipoingia, ilifungwa bao 1 kwa 0 na Hispania mjini Rio de Janeiro, ikatolewa. Mwenye kudhani kwamba elimu ni mali yake ya urithi huchelewa kugundua kwamba wenzake wamekwisha kumpita.

Kwa miaka mingi baada ya hapo njia ilikuwa finyu. Tangu mwaka 1962 Hispania ilizuia vilabu vyake kusajili wachezaji wageni, na mlango ukafunguliwa tena mwaka 1973. Makocha hawakuzuiwa, na Vic Buckingham aliipatia Barcelona kombe mwaka 1971. Wachezaji walianza kuonekana baadaye, na wa kwanza wa kutajwa ni Laurie Cunningham.

Cunningham alizaliwa London na wazazi wake walitoka Jamaika. Alipokuwa West Bromwich Albion, yeye na wenzake weusi Cyrille Regis na Brendon Batson walizomewa na kutukanwa viwanjani kwa sababu ya rangi ya ngozi yao. Mwaka 1979 Real Madrid ilimnunua kwa pauni zipatazo 950,000, akawa Mwingereza wa kwanza kununuliwa na klabu hiyo. Msimu wake wa kwanza ulimpa ubingwa wa ligi na kombe. Februari 1980 alicheza Barcelona, katika uwanja wa mahasimu wakubwa wa Real Madrid, na timu yake ikashinda mabao 2 kwa 0. Alicheza vizuri mno hata mashabiki wa Barcelona wenyewe wakampigia makofi. Kijana aliyenyimwa insafu katika viwanja vya nchi aliyozaliwa aliipata ugenini, tena kutoka kwa wapinzani. Majeraha yalimvunja baadaye, akahama klabu baada ya klabu. Mwaka 1989 aliisaidia Rayo Vallecano kupanda daraja la kwanza, na Julai mwaka huo huo akafariki katika ajali ya gari mjini Madrid, akiwa na umri wa miaka 33. Kisa chake kinatukumbusha kwamba si kila anayehama anafuata fedha. Wengine wanatafuta mahali pa kutazamwa kama watu.

Miaka ya 1980 msafara uliongezeka. Terry Venables alichukua Barcelona mwaka 1984 akiwa na mshambuliaji Steve Archibald, na mwaka 1985 akaipa ubingwa wa ligi ambao ilikuwa haijauona tangu mwaka 1974. Mwaka 1985 pia palitokea maafa ya uwanja wa Heysel mjini Brussels, na vilabu vya Uingereza vikapigwa marufuku katika mashindano ya Ulaya. Mchezaji aliyetaka kucheza makombe hayo hakuwa na budi kuvuka bahari. Mwaka 1986 Barcelona ikamchukua Gary Lineker, aliyekuwa ametoka kufunga mabao 6 katika Kombe la Dunia, pamoja na Mark Hughes wa Wales.

Hawa wawili walifika pamoja, katika klabu moja, chini ya kocha mmoja. Hughes alikuwa na miaka 22 tu, na maisha ya ugenini yalimlemea. Baada ya msimu mmoja akaazimwa kwa Bayern Munich, na mwaka 1988 akarudi Manchester. Lineker alijifunza Kihispania, akaifunga Real Madrid mabao 3 katika mchezo mmoja Januari 1987, akabaki hata baada ya Venables kufukuzwa, na akatwaa Kombe la Washindi la Ulaya mwaka 1989. Hatumlaumu Hughes, ambaye kwao alikuwa na akabaki mchezaji hodari. Tunachosema ni kwamba miguu ya wote wawili ilikuwa na thamani. Ulimi ndio uliowatofautisha.

Naye John Toshack wa Wales alikwenda Real Sociedad mwaka 1985, akaipa Kombe la Mfalme mwaka 1987. Mwaka 1990 aliipa Real Madrid ubingwa wa ligi kwa mabao 107, idadi ambayo ilikuwa haijapata kufikiwa. Alisema Kihispania, aliwajibu waandishi wa habari kwa misemo yao wenyewe, na Real Sociedad ilimwita tena mara mbili baada ya kuondoka. Mwingine ni Michael Robinson, mzaliwa wa Leicester aliyeichezea timu ya taifa ya Ireland. Alijiunga na Osasuna mwaka 1987, goti likamlazimisha kuacha mpira mwaka 1989, lakini hakurudi kwao. Akawa mtangazaji wa televisheni ya Hispania, tena mmoja wa wale walioheshimiwa kuliko wote, na alipofariki mwaka 2020 Wahispania walimlilia kama ndugu yao.

Tukigeukia upande wa pili, tunakuta mifano ya kusikitisha. Ron Atkinson alifundisha Atlético Madrid kwa muda usiotimiza siku 100, akafukuzwa mwaka 1989 ingawa timu ilikuwa karibu na kilele cha msimamo wa ligi. Hapo kosa lilikuwa la Jesús Gil, tajiri aliyekuwa rais wa klabu, ambaye alibadili makocha kama mtu anavyobadili shati. Lakini mwezi Desemba 1915 ni zamani, na Desemba 2015 si zamani: katika mwezi huo wa mwaka 2015 Valencia ilimpa timu Gary Neville, mtu ambaye hakupata kuwa kocha mkuu wa klabu yoyote na ambaye hakujua lugha ya wachezaji wake. Alikuwa mshirika wa mwenye klabu katika biashara nyingine. Chini yake Valencia ilishinda michezo 3 tu ya ligi kati ya 16, ikafungwa na Barcelona mabao 7 kwa 0 katika kombe, naye akaachishwa kazi Machi 2016. Mwaka 2017 Granada ikamkabidhi timu Tony Adams. Timu ilicheza michezo 7 chini yake, ikashindwa yote 7, ikashuka daraja.

Neville na Adams walikuwa walinzi hodari sana katika siku zao, na ujasiri wa kwenda si jambo la kudharau. Lakini ndugu wasomaji, tuwe wakweli. Watu hawa hawakuchaguliwa kwa ujuzi wa kazi waliyopewa. Walichaguliwa kwa jina na kwa kujuana na wenye mali. Na palipo na kujuana, anayelipa gharama si tajiri. Ni mfanyakazi wa Valencia au wa Granada, aliyenunua tiketi kwa jasho lake, akaitazama timu ya mji wake ikiporomoka.

Wako watakaotupinga kwa kumtaja Gareth Bale. Mtu huyu wa Wales aliuzwa na Tottenham kwa Real Madrid mwaka 2013 kwa Yuro zipatazo milioni 100. Alitwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya mara 5, na mwaka 2018 mjini Kiev aliifunga Liverpool bao la kupinduka hewani ambalo halitasahaulika. Wala hakujulikana kwa ufasaha wa Kihispania. Hoja hii ina uzito, nasi hatuikwepi. Mchezaji anaweza kusema kwa miguu. Lakini hata Bale, pamoja na makombe yote hayo, alifika mahali akazomewa na mashabiki wa timu yake mwenyewe katika uwanja wake mwenyewe. Makombe aliyapata, mapenzi ya watu yalimpita. Na kwa kocha hoja hiyo haisimami kabisa, maana ulimi ndio jembe lake. Kocha asiyeweza kuzungumza na vijana wake ni kama mkulima aliyekwenda shamba mikono mitupu.

Na tutazame mambo yalivyogeuka. Mwaka 2016 Pep Guardiola, Mhispania wa Catalonia, alikwenda kufundisha Manchester City. Mwaka 2019 Mikel Arteta alichukua Arsenal, na mwaka 2022 Unai Emery akachukua Aston Villa. Kati ya mwaka 2018 na 2024 Guardiola alitwaa ubingwa wa Uingereza mara 6. Kandanda ya pasi fupi, ile ambayo Pentland aliwafundisha Wabaski, imerudi Uingereza mikononi mwa wajukuu wa wanafunzi. Julai 2024 mjini Berlin Hispania iliifunga Uingereza mabao 2 kwa 1 katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Ulaya. Haya si aibu kwa Uingereza. Aibu ingekuwa kukataa kujifunza.

Kwa sababu hiyo sisi tulifurahishwa na jambo dogo lililotokea Juni 2025. Alexander-Arnold alipotambulishwa Madrid, alisimama mbele ya watu akawahutubia kwa Kihispania. Wengine walicheka, wengine walishangaa. Sisi tuliona kijana aliyekuja na jembe lake begani, hakungoja siku ya tatu. Kufaulu au kutofaulu kwake ni shauri la miguu yake na la wakati, lakini adabu ya mgeni aliitimiza.

Mambo haya si ya Ulaya peke yake. Vilabu vyetu vya Afrika Mashariki navyo huajiri makocha na wachezaji kutoka ng'ambo, na si vibaya kufanya hivyo. Vibaya ni kumpima mgeni kwa jina lake, kwa rangi yake au kwa pasipoti yake. Viongozi wa vilabu wanapotia sahihi mkataba na mtaalamu wa kigeni, yawapasa waulize: amefanya nini kabla ya kuja? Yu tayari kujifunza lugha ya vijana atakaowafundisha? Ni mwenyeji gani atakayekaa pembeni mwake akijifunza kazi, ili mgeni akiondoka kazi isiondoke naye? Mkataba usiojibu maswali hayo ni wa kununua jina, na jina halifungi bao.

Alhasili, Rio Tinto ilikwenda Hispania kuchukua, na Pentland alikwenda kufundisha. Wote wawili walikuwa Waingereza. Kila mgeni na achague kufuata mfano wa nani kati yao, na kila mwenyeji awe na macho ya kuwatofautisha.